Mawe Yaliyopakwa Chokaa

Butimba, 9 Juni 2024

Shangazi Spika,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila nina hasira. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii jirani yangu Dorcas, anayekuja huko sokoni, anakuletea mkononi.

Hivi ni kweli? Yale mawe ya tao la mlango wa kanisa, yaliyoanguka na mafuriko ya Aprili, nikayaweka chini ya turubai na kuyaandika namba moja moja, umeyapaka chokaa? Ukayapanga pembeni ya njia eti mgeni rasmi wa harambee ya kanisa apite katikati? Shangazi! Mawe hayo babu zetu waliyabeba kichwani toka ziwani. Kila jiwe lina jirani yake, na namba ndiyo ilikuwa inasema nani akae na nani. Tena chokaa yenyewe ni ile niliyonunua ya kujengea! Mimi huku nachongesha fremu ya mbao ya kushikilia tao, wewe huko unapamba!

Kamati ya kanisa ilisema wazi: mlango ukirudi uleule, kanisa linabaki. Usiporudi, wanavunja lote. Umesahau?

Mwanao,
Obedi

Misungwi, 12 Juni

Fundi Simu,

Marahaba. Mguu unauma, asante kwa kuukumbuka kabla ya kunitukana. Ujenzi umejifunza kwenye simu, na adabu si ungejifunza hukohuko?

Sasa sikiliza. Uliondoka bila kumuaga mtu. Asubuhi tunakuta mawe yana namba nyekundu. Nyekundu, Obedi! Hapa kwetu nani anaandika nyekundu? Si wale watu wa barabara, waliochora nyumba ya Masalu, halafu greda likaja? Nikajua wanakuja kumalizia kanisa. Nikawaita kina mama, tukazifunika hizo namba. Nikasema mgeni akikuta panapendeza atajua hapa pana wenyewe. Nilikuwa nalilinda kanisa, mjinga wewe.

Na mgeni ameahidi matofali na bati za kanisa jipya. Mzee Chenge, mwenyekiti wa kamati, kacheka mpaka jino la mwisho limeonekana.

Shangazi yako

Butimba, 14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Matofali na bati ndivyo vitu nilivyokuwa navikimbia! Unataka kusali ndani ya godauni? Mvua ikinyesha padri atahubiri kwa ishara?

Naomba kitu kimoja tu: MSIYAGUSE MAWE. Msiyamwagie maji, msiyasugue. Nakuja kuyakwangua mwenyewe, taratibu.

Obedi

Misungwi, 15 Juni

Obedi mwanangu,

Habari za huko? Sisi wazima, tumechoka tu. Nilikuwa nataka kukufurahisha. Tangu jana tunayasugua mawe kwa magunzi na maji, kina mama wote wa kwaya. Chokaa imetoka yote, yanang'aa.

Barua yako Dorcas kaileta nikiwa nakausha mikono.

Namba hatujaiona hata moja. Tumeyageuza kila upande. Kwani uliandika kwa rangi ya aina gani?

Shangazi yako

Kanisani, 20 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Najua uko hapo jikoni, moshi wako nauona. Naandika kwa sababu nikija nitapiga kelele, na wewe hutakaa kimya.

Niliandika kwa chaki nyekundu. Haya, cheka. Sikuwa na hela ya rangi.

Nimehangaika na haya mawe mpaka kucha zimepasuka. La juu kabisa nimelitambua, limekaa kama kabari. Mengine yanafanana kama mapacha. Picha za mlango nilizonazo ni za harusi, bibi harusi kauziba wote. Nikiyachonga kidogo yataingia, na tao litasimama imara. Ila halitakuwa lile.

Mzee Chenge kapita saa hizi, kasimama na bakora yake. "Obedi, unarudisha lilelile?"

Nikamuuliza, "Nikisema ndiyo?"

"Matofali tutajengea uzio."

"Nikisema hapana?"

"Jumamosi tunavunja. Usinidanganye, kijana. Mimi nitawaambia watu vile utakavyoniambia."

Nimemuomba mpaka kesho. Nikisema ndiyo, kanisa linapona, na watoto wetu watapita chini ya uongo wangu wakidhani wanapita chini ya mikono ya babu zao. Nikisema hapana, hakuna tena cha kupita chini yake. Nina hasira na wewe, na Chenge, na mafuriko, na mimi mwenyewe, na hakuna hata moja inayonipa jibu.

Ungekuwa wewe, Shangazi, ungemjibu nini?

Mwanao,
Obedi