Cheti cha Mwanamina

Nyamisati, 14 Januari 2025

Somo yangu Warda,

Assalaam aleykum. Sisi wazima, ila mama na miguu yake ile ile. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nilikuja Kibiti kujiandikisha Mtihani wa Maarifa, ule wa kumruhusu mtu wa mtaani afanye mtihani wa kidato cha nne. Chekechea ya hapa wanataka mwalimu mwenye cheti cha kidato cha nne, nami watoto wa jirani nawafundisha bure uani kwangu, mwaka wa tatu huu. Karani akatazama kompyuta, akaniambia, "Mwanamina Haidari? Mama, wewe ulishamaliza fom foo. Una divisheni thrii." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa aibu.

Najua ni wewe. Mimi nilifaulu darasa la saba, baba akanioza. Wewe ulifeli, baba yako na mwalimu mkuu wakakupeleka sekondari kwa jina langu. Nimenyamaza miaka yote hii. Sasa nenda kwa wakili ukaape, ubadili jina, unirudishie langu.

Somo yako,
Mwanamina

Kibiti, 2 Machi 2025

Somo mpenzi,

Wa aleykum salaam. Pole na mama, mkande kwa maji ya moto yenye chumvi.

Wakili nimemwona. Anasema hati ya kubadili jina inaanza leo, haifuti mtihani wa jana. Vyeti vyangu vyote vya uuguzi ni vya Mwanamina Haidari. Na nikiapa kwa nini nabadili, nimejishtaki mwenyewe: kazi imekwenda, pengine na jela juu. Nina watoto watatu, somo. Hata mume wangu ananiita Mwanamina. Tangu niende sekondari mpaka amekufa, baba hajasikia hata siku moja nikiitwa kwa jina alilonipa. Unadhani nafurahi?

Nakuomba unyamaze. Nitakutafutia kazi hapa hospitali, ya usafi.

Somo yako,
Warda

Nyamisati, 9 Machi 2025

Warda,

Hatujambo.

Kazi ya usafi! Nipige deki, daktari aite "Nesi Mwanamina", niitike mimi au wewe? Tulichezwa ngoma moja, tukakalia mkeka mmoja, leo unanipa fagio. Usiniandikie.

Mwanamina

Kibiti, 20 Juni 2025

Somo,

Salamu. Hii ni barua ya tatu tangu uniambie nisikuandikie, hujajibu hata moja. Mama anaendeleaje?

Jana wamekuja wakaguzi wa vyeti. Changu wamekishika muda mrefu, wakakirudisha bila neno. Kama umeshasema, niambie tu nijue.

Somo yako,
Warda

Nyamisati, 3 Oktoba 2025

Somo,

Assalaam aleykum. Sisi wazima, na mama sasa anatembea mpaka kisimani.

Sikusema kwa mtu. Usinishukuru, hasira bado ninayo, na ilikuwa ikinizuia kuandika. Nami nilikwenda kwa wakili. Akasema kwa mtihani huu njia fupi ni mimi nibadili. Mimi! Nimeibiwa mimi, na kuapa niape mimi. Halafu ofisi ya vitambulisho wakanirudisha mara nne. Leo mtandao hakuna, kesho picha haifai, keshokutwa mwenye kuweka sahihi yuko semina Dar. Mara ya nne nililia pale pale mlangoni, na wala si kwa huzuni. Nilitamani kumpiga mtu.

Juzi kitambulisho kimetoka. Haidari sikuligusa. Baba ni baba, hata kama alinioza. La kwanza ndilo walitaka nichague, nikakumbuka kuna jina limekaa tu, Kibiti nzima hakuna anayeliitikia, na tangu utotoni nilikuwa nalionea wivu. Nimelichukua.

Mtihani nimejiandikisha. Karani ni yule yule. Aliuliza jina, nikalitaja, akaandika bila kuinua macho.

Mama bado ananiita Mwanamina, nimemwachia kwa sababu ya uzee. Wewe usiniite hivyo tena. Mwanamina ni wewe sasa. Alifaulu vizuri yule mtoto, usimwaibishe.

Somo yako,
Warda Haidari