Sehemu ya Ishirini na Sita Sijaifungua

Mwanangu Adelina,

Nimeanza na jina lako la ubatizo kwa makusudi. Ukisoma mpaka chini utajua kwa nini lile jingine nimeliogopa.

Barua hii haina bahasha kwa sababu haina pa kwenda. Leo ni siku ya mia tatu na kumi na nane tangu uondoke, na hata wilaya uliyomo siijui. Kwa hiyo nimefanya ninachojua kufanya. Nimeiandika kwa mkono, nikaipiga picha ukurasa kwa ukurasa, na kila anayekuja kibandani kurushiwa nyimbo au filamu anaondoka nayo ndani ya memori yake, apende asipende. Kwa wiki narusha kadi arobaini, na siku ya gulio peke yake inaweza kuniletea ishirini. Wengine ni madereva wa malori yanayokwenda Rusumo, wengine makondakta, wengine wafugaji wanaohama na ng'ombe mpaka nisikokujua. Kadi hazitulii, huazimwa na kuibwa. Nimepiga hesabu nikaona ipo siku mmoja wao atakaa benchi moja na wewe. Na mwenye kadi atanisamehe. Picha zangu hazifikii hata ukubwa wa wimbo mmoja, na anachotakiwa kufanya ni kumwonyesha binti wa miaka kumi na tisa anayechechemea mguu wa kushoto.

Unaikumbuka katuni ya kengele? Ulikuwa darasa la tatu. Ilikuja kwenye flashi ya mteja mmoja, sehemu ishirini na tano, na ilikuwa wazi kwamba ya mwisho haimo, kwa sababu wale wanyama walikuwa bado hawajafika kileleni. Wanyama watano wanapandisha kengele mlimani kuirudisha ilikoibwa: mbweha, bundi, mbuzi, yule mnyama mwenye mkia kama mwiko tuliyeamua kumwita panya buku kwa kukosa jina, na kalunguyeye mdogo aliyebaki nyuma tangu sehemu ya kwanza. Yote Kiingereza. Changu kiliishia darasa la saba na kiliishia vibaya. Chako kilikuwa bado hakijaanza. Basi hadithi tukaitunga wenyewe, mchana wateja wakipungua, na kila sehemu ikiisha tunaipa alama kwa chaki nyuma ya mlango. B mimi, W wewe. Zile chaki bado zipo. Mvua imepita mara ngapi na mlango huo nimeuwekea bati juu, huo mlango tu.

Sehemu ya nne niliipa nne kwa kumi.

"Kengele ile ni ya shaba," nilikwambia. "Mbuzi mmoja akiivuta juu ya daraja la kamba, daraja linakatika."

"Baba, ni katuni."

"Hata katuni ina uzito."

"Mbuzi anaongea, hujamkata alama. Umekata daraja!"

Wateja walicheka mpaka mmoja akasema, "Leo fundi kapata mkaguzi." Niliiongeza ikawa tano. Ni wewe pekee uliyewahi kunibadilisha hesabu.

Sehemu ya kumi na moja tuligombana. Ile waliyolala kwenye theluji, wewe ukishikilia kwamba ni unga wa muhogo umemwagika. Kalunguyeye anatetemeka, wenzake wanataka kumkumbatia, miiba inawachoma. Dakika ishirini na mbili hakuna kilichotendeka. Nikaandika tatu. Wewe uliandika kumi, ukaipigia mstari, na ukaniambia, "Wangemsogelea polepole, miiba ingelala." Nilikwambia hayo si maoni ya katuni, hayo ni maoni ya mtoto anayetaka kulala. Leo nimefuta ile tatu yangu. Nimeandika kumi, Adelina. Umri wote huo nimeuhitaji kufika kwenye alama yako.

Na ndiyo katuni iliyokupa jina. Kila sehemu tulisikia "Weti! Weti!" na kila likisikika, kalunguyeye yuko nyuma anahangaika na vimiguu vyake. Nikasema basi huyu ndiye Weti. Wewe uliuliza swali moja tu, nalikumbuka kwa sababu nililijibu haraka: "Baba, mbona Weti anajiita mwenyewe?" Nikasema ni mdogo, anafurahia jina lake. Jioni ile ile, tukirudi nyumbani, ulikuwa nyuma kama kawaida. Nikageuka nikaita, "Weti!" Ukacheka mpaka ukakaa chini. Likakuganda. Nyakahura nzima ikaniita Baba Weti.

Toka barabarani hadi nyumbani mimi natumia dakika thelathini na tano. Wewe hamsini na tano. Nilijenga maisha yangu kwenye hizo dakika ishirini, mwanangu. Nilitoka Keza na baiskeli na betri moja ya gari, nikachaji simu za watu chini ya turubai, sikurithi hata jembe. Mtu kama mimi akisimama anahisi kama anarudi nyuma. Mama yako alikuwa akituona tunatoka asubuhi ananipigia kelele kwa lugha yetu, "Buhoro! Buhoro!" Nami najibu polepole haijawahi kumshibisha mtu.

Mguu huo pia naujua ulikotokea. Ulikuwa na miaka minne, nyuma ya baiskeli, betri mbele. Ulisema, "Baba, kiatu." Nikasema tutakiokota tukirudi. Kumbe hukuwa unasema kimeanguka. Ulikuwa unasema kimenaswa kwenye spoku, na kisigino chako kimo ndani. Sijawahi kulisema hili kwa mtu. Watu husikia kwamba ulianguka.

Lakini usidhani nimekaa chini kuwa malaika. Nina manung'uniko yangu. Sikukupiga. Sikukuozesha, na walikuja watu wa kunishawishi. Hukulala njaa nyumbani kwangu. Ukaondoka Ijumaa asubuhi bila shikamoo, nikaambiwa na mama muuza maparachichi: "Baba Weti, mtoto umemtuma wapi na begi?" Nikamjibu nimemtuma kwa bibi yake Ntobeye, nikajifanya ninajua. Bibi yako hakukuona. Simu ukazima. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili anasimama barabarani anadanganya watu kuhusu mwanawe mwenyewe. Hilo linauma, na sitalifuta.

Sasa tufike Jumatatu ile.

Matokeo yametoka, hisabati una F. Mtoto wa mtu anayepiga hesabu bila kalamu! Ilinichoma kuliko nilivyokuonyesha. Uliomba mwaka mmoja tu, usome nyumbani, urudie. Nikakwambia kiti kibandani kipo, kesho unaanza, mambo ya kurudia ni ya watoto wa mishahara. Ukasimama mlangoni, mkono juu ya zile chaki, ukasema taratibu kabisa, "Weti, baba. Weti."

Nikadhani unajitaja. Nikadhani unanibembeleza kwa lile jina la utoto. Nikakujibu mbele ya wateja wawili: "Hata ujitaje mara mia, jibu ni lile lile."

Uliniangalia. Halafu ukacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, ukaingia ndani ukaendelea kupanga chaja. Sikuelewa kilichokuchekesha. Kimenisumbua miezi kumi.

Nimekutafuta. Nilisikia uko Ngara mjini, nikaenda. Nikasikia Kakonko, nikaenda kwa pikipiki na mvua. Nikaambiwa Kahama kuna binti anachechemea anauza vocha karibu na stendi. Nilimwona kwa nyuma, nikaita lile jina mbele za watu. Hakugeuka. Nilipomzunguka alikuwa mtoto wa watu wengine, ananiangalia kwa huruma. "Shikamoo baba, umepotelewa?" Nikanunua vocha kwake, nikaiweka papo hapo, nikapiga namba yako. Haipatikani. Napiga kila siku saa saba mchana, na yule dada wa kwenye simu nimemzoea kuliko majirani.

Mwezi uliopita dereva mmoja alileta flashi. Ndani yake katuni yetu, imetiwa Kiswahili, sehemu zote ishirini na sita. Nikasema nitaziangalia upya zote, nizipe alama upya, angalau nifanye kitu ambacho tulikifanya pamoja.

Sehemu ya kwanza, dakika ya sita. Wanne wametangulia na kengele. Kalunguyeye kabaki juu ya jiwe, anapaza sauti: "Ningojeni!"

Nikasimamisha. Nikafungua ile ya zamani ya Kiingereza pembeni, dakika ile ile, sekunde ile ile. "Weti!"

Nikadhani wafasiri wamekosea. Nikaenda sehemu ya pili, ya tatu. Nilifunga kibanda siku mbili, Adelina, jambo ambalo hata malaria haijawahi kunifanyia. Nimelihesabu katika sehemu zote ishirini na tano. Neno hilo limetamkwa mara sitini na moja. Mara hamsini na nane amelisema yeye mwenyewe. Hakuna aliyekuwa anamwita. Alikuwa anawaomba.

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja kuchaji simu, nikamuuliza weti maana yake nini. "Ni subiri, mzee. Hata mtoto wa kidato cha kwanza anajua."

Kidato cha kwanza. Kwa hiyo ulijua miaka minne yote. Miaka minne nakutangulia njiani, nageuka, nakupigia kelele "Subiri! Subiri!", halafu naendelea kutembea. Nawe unaitika kule nyuma, "Naja, baba!"

Mama yako, tangu uondoke, ananipikia lakini haniongeleshi. Nilimfuata jikoni nikamuuliza kama alijua. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. "Aliniambia zamani. Nikamwambia mweleze baba yako. Akasema, 'Mwache mama, ndilo jina pekee analoniita huku anacheka.'" Halafu akaendelea na ndizi zake. Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyoniambia kwa miezi kumi, na afadhali angenipiga na mwiko.

Sijui nikuombe nini kwanza. Mtu aliyezoea kupanga vitu, leo sina mpangilio. Silali vizuri, nakosea chenji, simu ya mtu mmoja nimempa mwingine. Kuna wakati najiambia kadi zote hizi ni kazi bure, kwamba uliposimama pale mlangoni uliniomba mara ya mwisho, na mara ya mwisho ikishapita haina marudio. Nikifika hapo nashika ukuta.

Juzi nilitembea mwendo wako. Nilitoka barabarani nikajilazimisha, dakika hamsini na tano kamili. Kumbe baada ya ule mgomba wa pacha kuna kona ambapo mtu wa mbele anapotea kabisa. Sikujua. Nimepita pale maelfu ya mara, lakini siku zote mimi ndiye nilikuwa wa mbele. Nilisimama nikaitazama njia tupu. Ulikuwa na miaka tisa, na kila jioni ulikuwa unaitazama hiyo.

Katuni nawarushia watu mpaka ya ishirini na tano. Ya mwisho ninayo kwenye kompyuta, sijaifungua na simpi mtu. Wateja wamechachamaa. Mzee mmoja mfugaji, ambaye wajukuu wake wanamlilia, alikuja na fimbo yake: "Fundi, umekura mwisho wa katuni!" Nikamwambia mwisho sijaula, unamngoja mwenye alama zake mlangoni. Akauliza yuko wapi. Nikasema mbele. Akasema, "Basi mfuate," akaondoka na sehemu zake ishirini na tano.

Hisabati nimeuliza. Unaweza kurudia, hata hiyo moja peke yake. Ukitaka mwaka, chukua mwaka. Ukitaka miwili, ni siku mia saba na thelathini, nimeshaihesabu na naiweza. Ukitaka nikufundishe, nitakufundisha polepole. Usipotaka kurudi, usirudi. Lakini nibipu. Mlio mmoja tu, saa yoyote, kwa namba yoyote, nami sitapiga kurudisha mpaka uniruhusu. Nataka kujua tu kwamba upo mahali.

Kwa sababu sasa hesabu imegeuka, mwanangu. Wewe ndiye umetangulia. Mimi nimebaki nyuma ya ile kona, sikuoni, na miguu yangu si ya zamani. Sina neno jingine zaidi ya lile ulilonifundisha, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kulitamka nikijua maana yake.

Weti, Adelina. Weti.

Ni mimi baba yako, wa kibandani Nyakahura, naja.