Kitabu cha Kupumua na Ukuta wa Bibi

Ha Letuka,
Mokhotlong,
Lesotho.

14 Oktoba 2018

Mpendwa Shangazi Keneuoe,

Pokea salamu nyingi kutoka huku juu mlimani. Hujambo? Na hao wazee unaowatunza huko Cape Town, hawajambo? Goti lako bado linakusumbua ukipanda ngazi? Usiache kulikanda kwa maji ya moto hata kama umechoka.

Sisi tu wazima. Motlatsi ameng'oka meno ya mbele, na sasa akitaja jina lake linatoka na mluzi. Liteboho ameanza kukaa mwenyewe, ila anataka nimtazame akikaa. Nikigeuka tu anajiangusha makusudi. Lefa yuko mgodini kama kawaida na anakusalimu. Mimi sina ugonjwa, nina uchovu tu, ule unaoujua wewe, wa mtu kusinzia na kijiko mkononi. Mifyulisi ya Bibi imetoa maua. Nimekukumbuka.

Shangazi, nakuandikia kwa ajili ya ukuta. Baba Mdogo Tseko ameleta mifuko ya saruji na kusema wewe umeamua nyumba ya Bibi ipigwe lipu kabla ya Desemba, tutakapokusanyika kuweka jiwe la kaburi lake. Anasubiri fundi tu. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu huwa unaniambia "tutaongea, mwanangu," na mtandao unakatika kabla hatujaongea. Barua haikatiki. Naomba uisome yote ndipo useme neno lako, maana nyumba Bibi alikuachia wewe, na hapa hakuna anayebisha hilo.

Kwanza nikushukuru kwa kifurushi. Blanketi la mtoto limemtosha. Na kile kitabu cha mazoezi ya mwili na akili, ambacho yule bibi unayemtunza alitaka kukitupa, nacho kilifika. Nitakuambia ukweli: nilikiweka chini ya mguu wa ile meza inayoyumba. Nani huku ana nafasi ya kusoma namna ya kupumua? Ni Motlatsi aliyekichomoa ili atazame picha, akakiacha kitandani, nami nikakikuta wakati namnyonyesha mdogo wake. Ukinyonyesha ndiyo saa pekee hakuna anayekutuma. Nikasoma ukurasa mmoja. Kesho yake mwingine.

Kiingereza chake si kigumu, na kiliponishinda picha zilinisaidia. Kinasema uweke mkono tumboni, uvute pumzi mpaka mkono uinuke, kisha uiachie polepole kama unayepoza uji. Nilijaribu nikiwa natania. Shangazi, nililia. Si kwa huzuni. Nadhani tangu tumzike Bibi nilikuwa sijapumua mpaka chini.

Basi nikawa natandika blanketi kuukuu uani, Liteboho akilala nanyoosha mgongo na mabega. Mama Lineo, jirani yetu, unamjua mdomo wake, alinikuta nimelala chali na macho nimefumba. Akasimama kwenye ua akasema, "Mama Motlatsi, ukimaliza kufa hapo niambie, nikuletee chai au nimwite mchungaji."

"Niletee chai," nikamwambia.

"Na kitabu kinasema uweke sukari ngapi?"

Sasa anakuja naye. Analala upande wa pili wa blanketi, na kabla sijahesabu pumzi ameshaanza kukoroma.

Lakini nilitaka kukuambia kuhusu picha moja. Ni ya mwanamke aliyesimama mbele ya ukuta, mkono ameunyoosha juu, visigino vimekaa chini sawasawa, mabega yameshuka. Niliitazama nikasema, huyu ninamjua. Huyo ni Bibi akikandika. Unakumbuka alivyokuwa akinigonga kisigino kwa ufagio kila nikisimama kwa ncha za vidole? "Shuka chini, wewe si mbuzi." Mimi nilidhani ananionea. Kumbe alikuwa akinifundisha kusimama.

Ule ukurasa ulinirudisha mbali. Niliona Desemba za zamani, unashuka kwenye gari na mizigo yako, hata chai hujanywa unavua viatu na kuingia kwenye udongo. Mimi kazi yangu ilikuwa kukanyaga mavi ya ng'ombe na udongo wa kule chini ya zizi mpaka vishikane. Bibi upande wa kulia wa mlango, wewe upande wa kushoto. Mnakandika kwa viganja, mnachora kwa uma, mraba baada ya mraba, maua na mistari ya shamba lililolimwa, huku mkiwasema watu wote wa kanisani mmoja baada ya mwingine. Bibi alikuwa na ule uma wake wenye jino lililovunjika, hakutaka mwingine. Nikiukumbuka mkono wako ukipita kwenye ukuta mbichi nasikia mpaka harufu.

Mwishoni mwa kitabu kuna swali. Kinauliza: mwili wako ulipokuwa mdogo, ni kazi gani uliifanya ukasahau kula? Wameacha nafasi ya kuandika. Nilichukua penseli ya Motlatsi nikaandika neno moja, udongo. Nilikaa nalo siku nzima. Nikichota maji linanifuata, nikisonga ugali wa papa linanifuata. Shangazi, mimi nilidhani kazi yangu duniani ni kuosha nepi na kumsubiri Lefa. Sikujua kama kuna kitu kingine ndani kilikuwa kimelala tu.

Ndipo nikamwambia Baba Mdogo Tseko anipe nafasi niukandike ukuta wa mbele kabla ya fundi kuja. Alicheka mpaka akashika kofia.

"Wewe? Umekandika lini?"

"Nimeona wanavyofanya."

"Hata mimi nimeona ndege zikiruka." Lakini alikubali. Alisema Jumamosi atapita kuangalia, na kama ukuta haupendezi fundi anaanza Jumatatu.

Sasa sikia ujinga nilioufanya. Nilichanganya udongo, nikakandika upande wote wa kulia wa mlango kwa mara moja, kutoka kona mpaka kona, kama mafundi wanavyopiga lipu. Nilijiona hodari. Liteboho akaamka, nikamnyonyesha, nikambadilisha. Niliporudi na uma, jua lilikuwa limeshapita. Ukuta umeota ngozi. Nikivuta mstari unabanduka vipande vipande. Na Baba Mdogo, ambaye hajawahi kuwahi popote, akapita mapema, hata Jumamosi haijafika.

"Mama Motlatsi, kuku angekwaruza vizuri zaidi."

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mkono tumboni, nikapumua kama kitabu kinavyosema, mpaka hasira ikanitoka kwenye meno. Halafu nikasimama mbele ya ukuta kama ile picha, visigino chini, nikanyoosha mkono. Juu ulifika mahali ukakoma, na pembeni vivyo hivyo. Ndipo nikaelewa. Bibi hakuwahi kukandika ukuta mzima. Alikandika pale mkono wake ulipofika bila kuinua kisigino, akachora papo hapo, ndipo akasogea. Ile miraba tunayoisifia hakuipima kwa kamba. Ni urefu wa mkono wake. Ndiyo maana miraba yake ilikuwa midogo, alikuwa mfupi, na yako upande wa kushoto ilikuwa mikubwa. Tangu utoto nilidhani mlipenda maua tofauti.

Nilibandua yote nikaanza upya, mraba mmoja mmoja. Mama Lineo alimbeba mtoto na kunisogezea ndoo. Nikivuta mstari naachia pumzi, mstari ukiisha pumzi nayo imeisha. Kila mraba una jani lake, na miraba minne ikikutana inafanya ua. Miraba yangu si ya Bibi wala si yako, iko katikati. Jumamosi Baba Mdogo alikuja akasimama mbele ya ukuta. Akavua kofia, akaivaa, akasema, "Uma huo ni wa mama yangu?" Nikasema ndiyo. Akaomba maji, akanywa, akaondoka bila kumtaja fundi. Kesho yake kanisani Mama Lineo alinitangaza mlangoni, kwamba ukuta wake ndio unaofuata. Hakuniuliza. Nitaufanya kwa furaha.

Sasa, Shangazi, nisikilize kama mtu mzima mwenzio. Najua kwa nini ulisema saruji. Ulinihurumia. Ulisema mtoto huyu ana watoto wadogo wawili na mume yuko mbali, kwa nini ahangaike na ukuta ambao mvua ikipiga unarudi kuwa udongo. Nakushukuru kwa huruma hiyo, lakini siitaki. Unakumbuka Bibi alivyofurahi mvua ikiufuta ukuta? Alisema marehemu wetu wamesikia tulivyoomba mvua, akaanza kuulizia tarehe utakayofika. Ni ule ukuta uliokuwa ukikurudisha nyumbani kila Desemba. Mwaka mikono yake iliposhindwa, hakuna aliyekandika, nawe ndipo ulipoanza kusema kazi zimekubana. Sikulaumu. Nasema nilichokiona.

Ukuta ukipigwa lipu utakaa miaka bila kumhitaji mtu yeyote. Hicho ndicho ninachokiogopa.

Kwa hiyo naomba umpigie Baba Mdogo Tseko umwambie hapana. Mwambie saruji ajengee kaburi la Bibi, pale inafaa, na itatosha. Yeye hatabisha, anasubiri tu asikie kwako ili asionekane ameshindwa na mimi.

Ukikataa, nyumba ni yako, nitamfungulia fundi mlango na bado nitakupenda. Ila sitamshikia ndoo.

Nisalimie rafiki yako Nosipho mnayekaa naye chumba kimoja, na yule bibi mwenye kitabu. Mwambie kimefika mahali kinaposomwa. Baba Mdogo Tseko na mkewe wanakusalimu, Mama Lineo anakusalimu na anaomba mafuta yale ya mgongo. Motlatsi anasema umletee meno.

Mungu akulinde barabarani na kazini, na mvua njema zikutangulie popote unapokwenda.

Upande wa kushoto wa mlango sijaugusa. Nilijaribu kupima kwa mkono wangu, visigino chini, na haufiki ulipokuwa ukifika wako. Udongo nitaukanyaga mwenyewe, utaukuta tayari. Wewe njoo na viatu vya kuvua.

Ni mimi mtoto wako, ninayekupenda na kukungoja,

Relebohile, Mama Motlatsi