Mlango wa choo uko ziwani

Gaudiosa, mlango wa choo changu uko ziwani. Ndiyo, ziwani.

Romanus, mjukuu wangu anayesoma chuo, yuko hapa Liuli likizo na wenzake. Wameung'oa asubuhi, wanasimama juu yake, wimbi linawarudisha ufukweni wanacheka. Mlango ule wa kijani!

Mimi sijui kitu. Na leo ndiyo wamekuja kumposa binti yangu Beata. Mzee Wilfred, baba wa mchumba, kala ugali na samaki mbasa, kashika tumbo. "Mama, msalani ni wapi?"

Nikamwonyesha. Mimi mwenyewe nikamwonyesha! Kaingia, ndipo nikauona mlango ziwani.

Mkwe, Gaudiosa. Mtu ambaye hata sahani moja hatuli naye. Nitamfuataje na kanga nimzibie? Na choo kinatazama ziwa. Nikakaa jikoni, nikasema posa imekufa.

Akakawia. Akakawia sana.

Akarudi, akanawa, akakaa. Halafu: "Yule kijana wa mlango wa kijani ni wenu?"

Nikasema, "Ni wetu, baba."

"Kaanguka, kaanguka, mwisho kasimama. Nisingeweza kutoka kabla hajasimama."

Nikamsogezea maji ya kunywa.

"Mahari tutaleta," akasema. "Mlango muurudishe kabla mke wangu hajaja."