Mabomba Yaliyobaki Chini ya Meza

Kaka yangu,

Mama hajambo, na paa la gereji halivuji tena.

Unakumbuka mlivyogombana na Baba juu ya ile gari yake ya turbo? Wewe ulitaka mabomba ya kusukumia hewa kwenye injini yawe ya inchi mbili, yeye akashikilia ya inchi tatu, eti unene ndio nguvu. Ulipoondoka akafunga yake, na tangu hapo ukiikanyaga inafikiri kwanza ndipo iende.

Jana nilimkuta ameyang'oa yote ya inchi tatu. Akatoa chini ya meza yale uliyoyakata wewe, yamevingirishwa kwenye kitambaa, hayana hata kutu. Akayafunga mwenyewe. Spana ilimdondoka mara mbili. Siku hizi mkono wa kulia haukamati vizuri.

Akaniketisha kwenye usukani. "Kanyaga, mwanangu."

Kaka, niligusa tu. Gari ilinyanyuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Sikujua kitu chembamba vile kinaweza kubeba pumzi kubwa namna ile. Nilizima, nikashuka.

Baba alisema, "Zinatosha inchi mbili." Unamjua, hataongeza neno.

Lakini kuiendesha amekataa. Ufunguo ameutundika kwenye msumari wa ovaroli yako.

Mdogo wako,
wa gereji