Kampuni Inayozika Vizuri

Jumatatu, 8 Juni

Kuhesabu magunia tena. Unga umebaki wa siku tisa. Sisi ndio tunaowapikia wachimbaji waliofungiwa mgodini Fungurume kwa ajili ya corona, na mtu aliyefungiwa kazi yake ya pili ni kula. Patron, mwenye kampuni, ameniita. Mahindi ya Kasaji yamekauka, yako tayari, lazima mtu aende kuyachagua kabla wengine hawajayabeba yote. Mtu huyo ni mimi. Nani mwingine hapa anang'ata punje moja na kujua kama gunia litaoza?

Naogopa. Naandika hapa kwa kuwa nyumbani siwezi kusema. Miaka hamsini na miwili, na sukari kidogo. Ugonjwa huu unapenda watu wa namna yangu.

Jumanne, 9 Juni

Tata Kyungu wa lojistiki amekuja na futi. Kanipima urefu, mabega, nyonga. Mita moja na sentimita sitini na moja. Nimefurahi. Hatimaye ovaroli mpya. Nimemwambia asiibane, aache nafasi pembeni, mimi si mwiko. Ameandika. Hakucheka. Sikuupenda uso wake.

Vifaa vya safari: barakoa mbili, kichupa cha dawa ya mikono kilichojaa nusu, karatasi ya misioni, ile ruhusa ya safari ya kazi, yenye mihuri minne. Gari litanishusha na kugeuza. Nimemuuliza Patron nikiugua huko nitarudi na nini. Amesema, "Mama Kapinga, usiogope. Hii kampuni haiachaka mutu wake."

Kweli. Mwaka jana Tata Mwamba wa jikoni alizikwa kama gavana. Jeneza lenye vishikio vya shaba, malori mawili, ng'ombe mzima. Kolwezi yote, mji wetu, ilisema kampuni yetu inazika vizuri. Nilijivuna mwezi mzima.

Alhamisi, 11 Juni

Kasaji. Vumbi mpaka kwenye meno. Gari limeshageuza. Nimepewa chumba kwenye nyumba ya wageni ya parokia. Mahindi ni mazuri sana. Wauzaji wamenipa mkono, nikawapa kiwiko, wakajua mimi ndiye mgonjwa. Simu inashika juu ya kilima tu, nyuma ya stesheni.

Ijumaa, 12 Juni

Homa. Meno yanagongana. Muuguzi amesema labda malaria, labda ile nyingine. Kanichokonoa pua karibu afike kwenye akili. Kipimo kinapelekwa Lubumbashi, jibu baada ya siku nyingi. Nisitoke chumbani. Amepanda kilima mwenyewe kumpigia Patron. Amerudi na jibu: Patron anasali.

Nimeuliza kuhusu gari. Gari halikutajwa.

Jumapili, 14 Juni

Dawa chungu. Masikio yanapiga kengele. Bukari yangu, ugali wa huku kwetu, inasukumwa mlangoni kwa ufagio mrefu. Kampuni ina magari sita. Sita. Nikifa hapa, itakuwa kwa hasira.

Jumatatu, 15 Juni

Homa imeshuka. Nimepanda kilima polepole, barakoa mbili moja juu ya nyingine. Simu ikafufuka. Ujumbe wa kwanza unatoka kwaya ya parokia yetu ya Kolwezi: Mama Kapinga apumzike kwa amani. Nimekaa chini.

Nimempigia Albert. Mume wangu kasikia sauti yangu, kakata. Nimepiga tena. Kakata. Mara ya tatu simu kachukua mdogo wangu Ngalula. "Kama weye ni Kapinga ya kweli, sema Albert anakoromaka namna gani." Nimekoroma. Palepale Kasaji, juu ya kilima, mchana kweupe, watu wa baiskeli wakinitazama. Ngalula kaanza kulia upya, safari hii kwa furaha.

Kumbe. Baada ya simu ya muuguzi, Patron alimwambia Tata Kyungu aandae kila kitu, kwa tahadhari tu. Kyungu akapeleka vipimo vyangu kwa seremala wa mtaa wa Kasulo. Seremala huyo anaimba besi kwenye kwaya yetu. Kuona jina langu akaweka randa chini, akaenda kumpa Albert pole.

Haikuwa ovaroli. Na nafasi ya pembeni niliiomba mwenyewe.

Jumanne, 16 Juni

Kilima tena, Ngalula ananisimulia kwa simu. Baba mkubwa na watu wetu wamehamisha matanga. Kwao, aliyefia kazini huliliwa kazini, kwa hiyo wako mbele ya lango la kampuni, na sufuria zao. Patron katoka akawaambia niko hai. Ngalula kamuuliza, "Kama iko muzima, sanduku ni ya nani?" Patron karudi ndani.

Polisi wamekuja. Amri inasema watu wasizidi ishirini. Basi wanalia kwa zamu, ishirini ishirini, mita moja kati ya mtu na mtu. Kwa sababu ya umbali huo wanalia kwa sauti kubwa zaidi. Lori la chakula cha Fungurume haliwezi kutoka. Wamesikilizishwa sauti yangu kwenye simu ya Patron. Baba mkubwa kasema sauti si mtu, aletwe mtu anayetembea.

Patron kanipigia mwenyewe. "Mama, nakuomba, kuya nyumbani. Gari inatoka sasa hivi." Nimemjibu karatasi yangu ya misioni inaisha Ijumaa. Nimekata. Raha niliyosikia siwezi kuificha.

Jumatano, 17 Juni

Gari limefika kabla ya saa sita. Na muuguzi wa kampuni. Na chupa ya oksijeni. Na dereva aliyejifunika kama mrina asali. Nyuma kulikuwa na kamba mpya na shuka jeupe lililokunjwa vizuri. Gari hili lilikuwa tayari tangu Jumamosi, dereva kaniambia. Lilikuwa linanisubiri nife. Nimepanda mbele, dirishani, mpaka Kolwezi.

Langoni nimeshusha kioo, nikapunga mkono. Wengine wamekimbia. Baba mkubwa kataka nitembee. Nimetembea hatua kumi na tano, peke yangu, katikati ya waombolezaji wangu, wote mbali nami kama nina moto. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Hakuna aliyejua namna ya kumfufua yeye pia, wakamla.

Albert alisimama kando, kofia mkononi. Hakuweza kunisogelea mpaka jibu litoke. Alilia mbele ya watu wote. Miaka ishirini na minane sijaona machozi ya mtu huyu. Nampenda. Basi.

Jumamosi, 20 Juni

Jibu limefika. Si corona. Malaria tu.

Nimekwenda ofisini kwa Patron. Hasira niliipanga tangu nyumbani, neno baada ya neno. Nimeyamwaga yote: homa, ufagio, magari sita, shuka jeupe. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha kafungua mtoto wa meza, kanipa karatasi.

Madai ya wafanyakazi, ya mwaka juzi. Wakati ule nilikuwa mjumbe wao. La kwanza: jeneza la mbao ngumu, si la mbao za kubandika. La pili: lori la maiti na lori la waombolezaji. La tatu: unga na ng'ombe. Nimesoma mara mbili. Kuhusu mtu aliye mgonjwa na bado anapumua, hakuna hata mstari. Chini kabisa sahihi yangu, yenye mkia mrefu. Nakumbuka siku ile tulivyopiga makofi.

"Mama, njo bile muliomba. Mi nilitoa byote."

Ndivyo tulivyoomba, na vyote alitoa. Kalamu imeniponza. Nimeona haya. Halafu nikamuuliza, "Na weye, Tata, kuona mugonjwa unangojaka barua?" Kaichukua karatasi, kaisoma upya. Kisha nimeomba kalamu.

Jumatatu, 22 Juni

Karatasi mpya imesainiwa. Dai la kwanza: aliyetumwa na kampuni, kampuni imrudishe nyumbani akiwa hai. Patron kataka kuongeza "inapowezekana". Nimemtazama. Hakuongeza.

Ngoy, msaidizi wangu, ametumwa Kasaji kumaliza kazi ya mahindi. Gari linabaki naye huko mpaka atakaporudi. Saa kumi kapiga simu kutoka kilimani. Amefika, amekula, hana homa. Ila amechoka na dereva. Kila saa anamuuliza kama anajisikia vizuri.

Nimemwambia kila akiulizwa ajibu haraka, kabla hawajamletea futi.