Damu ya Zuhura

Shikamoo Mama, salamu hii inakuja na vumbi la Voi. Mwanao Zuhura kajifungua msichana, wote wazima, alhamdulillahi!

Unakumbuka alivyopungukiwa na damu, ilhali yeye na wifi yake, wajawazito wote wawili, walikula mchicha wa sufuria moja? Mkwewe akamwita mvivu wa kula. Daktari alipompima akamwambia bibi yule: "Chakula ni kimoja, miili ni tofauti. Huyu damu yake ina kasoro ndogo ya kurithi, inahitaji foliki, vitamini ya kujenga damu, kuliko wengine." Vidonge vikamnyanyua. Leo mkwewe kamletea supu ya kuku kwa mkono wake, macho chini.

Nawe Mama, uliyesimangwa vivyo hivyo kila ulipotubeba tumboni, hukuwa mvivu. Nakubusu mikono. Mtoto tumempa jina lako.

Mwanao, Rukia